Nyoka wa kwenye chungu cha maua

Mzee alikuja na chupa ya jemu iliyofunikwa kwa kitambaa na kukazwa kwa mpira. Ana kitalu cha miche kando ya barabara hapa Tanga, amekiendesha tangu mimi sijaanza shule, na hakuwahi kufika ofisini kwetu kuuliza jambo. Aliweka chupa mezani, akarudi nyuma hatua moja.

"Shikamoo mzee. Karibu ukae kwanza."

"Marahaba mwanangu, nitakaa nikishajua. Mimi nyungunyungu nawajua, huyu si nyungunyungu. Nilikuwa napasua kiriba cha mwembe, ule mfuko wa udongo wa mche, nimwoneshe mteja mizizi, akachomoka. Wanasema ana vichwa viwili, kimoja cha kukutazama na kingine cha kukuuma. Basi niambie kipi ni kipi, nijue nisimame upande gani."

Nilimmimina taratibu kwenye sahani nyeupe yenye udongo kidogo. Urefu wake ulikuwa sentimita 13, unene kama mrija wa wino ulio ndani ya kalamu. Rangi ni kahawia iliyokolea hadi kukaribia weusi, na aling'aa kama kiatu kilichotoka kupigwa rangi. Nikamkabidhi mzee lenzi ya mkononi. Alitazama kimya muda mrefu, kisha akasema kwa sauti ya chini, "Ana magamba. Na anatoa ulimi."

Ndiyo. Huyu ni nyoka kamili, mwenye uti wa mgongo, mbavu na ulimi wa ncha mbili kama swila au chatu. Jina lake la kisayansi ni Indotyphlops braminus, na yumo katika jamii ya nyoka vipofu, yenye spishi zaidi ya 250 duniani. Mara nyingi urefu wake hauzidi sentimita 17. Hana sumu. Mdomo wake ni mdogo kiasi kwamba hawezi kumuuma mtu hata akitaka, na hataki. Ninaandika makala hii kwa sababu kila masika watu hutuletea nyoka huyu akiwa amepondwa kwa jiwe, amemwagiwa mafuta ya taa au amechemshwa kwa maji ya moto, na nusu ya mimea ya bustani imekufa pamoja naye.

Kumtofautisha na nyungunyungu si kazi ngumu ukijua cha kutazama. Nyungunyungu ana pingili zinazoonekana kwa macho, ana utelezi, na husogea kwa kujikunja na kujirefusha. Nyoka kipofu ni mkavu, hana pingili, na husogea kwa kujipinda kushoto na kulia. Ukimweka juu ya vigae huhangaika sana, hujirusha huku na huku, kwa sababu hana pa kujikita. Watu wakiona hivyo hudhani anashambulia, kumbe anatafuta udongo. Akishikwa hutoa majimaji yenye harufu mbaya, na ulinzi wake karibu unaishia hapo. Akikaribia kujivua gamba weusi wake hupauka, akawa wa kijivu chenye ubuluu, na mtu aliyewahi kumwona mweusi huapa kwamba huyu ni nyoka mwingine.

Vichwa viwili navyo vina sababu yake. Nyoka wengi wana magamba mapana tumboni, yamepangana kama ngazi. Huyu hana. Magamba yake ni ya ukubwa mmoja juu na chini, safu 20 kuzunguka kiwiliwili. Hana shingo, kichwa ni butu, na mkia ni mfupi na butu vilevile. Ukimtazama akiwa ametulia, kweli huwezi kujua anaelekea wapi. Wala si sisi wa pwani tu tuliodanganyika. Mwaka 1796 daktari wa Kiskoti, Patrick Russell, alimwandika nyoka huyu kutoka Vizagapatam, mashariki mwa India, kwa jina alilolisikia kwa wenyeji wanaosema Kitelugu, na jina hilo maana yake ni nyoka wa vichwa viwili. Mwaka 1803 Mfaransa Daudin akampa jina la kisayansi, na neno braminus limebaki nalo hadi leo. Kwa hiyo alichosimuliwa mzee wetu barabarani ni kilekile kilichosemwa ng'ambo ya bahari zaidi ya miaka 200 iliyopita.

Kwenye ncha ya mkia kuna mwiba mfupi. Ukimshika huukandamiza kwenye kidole chako, nawe unahisi kama umechomwa. Mwiba huo hauna sumu wala hautoboi ngozi. Ni nanga yake: huukita kwenye udongo nyuma ili apate nguvu ya kusukuma kichwa mbele. Nilimwekea mzee nyoka kwenye kiganja, akauhisi, akacheka. "Basi hiki ndicho kichwa cha pili."

Macho yapo, ni madoa mawili meusi yaliyofunikwa na magamba yanayopitisha mwanga. Yanamwambia kama kuna giza au mwanga, hayamwoneshi sura ya kitu. Ukimulika tochi hutafuta pa kuzamia mara moja. Chini ya udongo kazi ya macho hufanywa na ulimi, unaokusanya harufu na kumwonesha njia waliyopita sisimizi na mchwa.

Hao ndio chakula chake. Hula mayai, mabuu na pupa (mabuu yaliyotulia kabla ya kugeuka wadudu kamili) wa sisimizi, na hula mchwa pia. Namna anavyokula imenishangaza tangu nilipojifunza mara ya kwanza. Taya la chini halina jino hata moja. Meno yako juu tu, kwenye mifupa miwili midogo inayochezea kwenye viungo vyake kama reki mbili, ikitoka na kurudi kwa zamu, haraka sana, kila mara ikivutia chakula kooni. Hatafuni, anakokota. Lazima afanye hivyo haraka, maana yumo ndani ya kichuguu cha watu na askari wa mchwa hawachelewi. Mwaka 2015 watafiti wa Japani walichapisha jambo ambalo hakuna aliyelitarajia kwa nyoka: akimmeza mchwa kwa kuanzia nyuma, wakati mwingine hukisugua kichwa cha mchwa ardhini mpaka kikatike, akameza mwili na kukiacha kichwa. Vichwa vya mchwa vinavyomezwa hutoka kwenye kinyesi vikiwa vizima, kwa hiyo anapovikata anajipunguzia mzigo usio na faida.

Mwenye bustani asimwone huyu kama balaa. Anamla mchwa yuleyule anayetafuna mizizi ya mche wako. Sisemi atamaliza kichuguu, ni mdogo mno kwa hilo, lakini sisimizi na mchwa anaowala ni wengi kuliko unavyofikiri. Jamaa yake wa mbali huko Texas, Marekani, nyoka-uzi, amewahi kuonekana akibebwa mzima na bundi wadogo na kupelekwa kwenye viota vyao. Watafiti waliripoti mwaka 1987 kwamba nyoka hao huishi humo kiotani wakila mabuu ya wadudu kwenye uchafu wa kiota, na makinda wa viota vyenye nyoka walikua haraka kuliko wa viota visivyo nao. Bundi analeta chakula, chakula kinageuka mfagizi.

Na ana roho ngumu. Huko Timor Mashariki watafiti walimkuta chura mkubwa, na nyuma yake, kwenye njia ya haja, kukawa kunatoka nyoka kipofu akiwa hai. Alimezwa mzima, akapita tumboni na kwenye matumbo yote, akatokea upande wa pili. Alikufa baadaye siku hiyohiyo, lakini kwamba alifika mwisho wa safari hiyo akipumua kunakwambia jinsi magamba yale laini yanavyokaza.

Majike watupu

Mzee aliuliza kama huyo ni dume au jike. Ni swali zuri kuliko alivyojua, kwa sababu katika spishi hii jibu ni moja siku zote. Wote ni majike. Dume hajathibitishwa. Jike hutaga mayai bila kupandwa, machache tu, kuanzia moja hadi manane hivi, membamba na marefu, makubwa kidogo kuliko punje ya mchele. Watoto wanaotoka ni nakala ya mama yao, nao wakikua hutaga vivyo hivyo.

Sababu iko ndani ya chembe za mwili wake. Wanyama wengi, binadamu akiwemo, wana seti mbili za kromosomu, yaani nyuzi zinazobeba urithi, moja ya baba na moja ya mama. Nyoka huyu ana seti tatu, jumla kromosomu 42. Jambo hilo lilichapishwa mwaka 1987, lakini dalili zilianza kuonekana kabla, na utafiti mmojawapo muhimu ulifanywa jirani yetu: nyoka wa visiwa vya Shelisheli, waliochunguzwa na mtaalamu wa Kimarekani Ronald Nussbaum katika kazi iliyotoka mwaka 1980, kila aliyepasuliwa alikuwa jike.

Fikiria maana yake. Chatu akisafiri ndani ya meli akashuka peke yake kwenye kisiwa, kwa kawaida akifa amekwisha. Nyoka wa chungu cha maua akishuka peke yake, mwaka unaofuata kuna familia. Anahitaji donge moja la udongo wenye unyevu na sisimizi wachache. Asili yake ni Asia ya Kusini, lakini leo hii utamkuta mwambao wa Kenya na Tanzania, Zanzibar, Komoro, Shelisheli, Madagaska, Morisi, kaskazini mwa Australia, Hawaii, Florida, Meksiko na kwingineko kwingi. Hakuna nyoka mwingine wa nchi kavu aliyeenea duniani kiasi hicho. Hakutembea. Alibebwa na watu ambao hawakujua wamebeba nini, kwenye vyungu, makopo na mizizi ya miche.

Pwani yetu imekuwa ikipokea mimea ya ng'ambo kwa muda mrefu. Mwembe wenyewe ni wa Asia. Mkarafuu ulifika Unguja karne ya 19 ukipitia visiwa vya Bahari ya Hindi. Mmea ulipobebwa na udongo wake, ulibebwa na kila kilichokuwemo.

Makazi yake

Watu wakiniuliza pori lake liko wapi, hujibu: uani kwako. Anakaa chini ya mawe, chini ya magogo yaliyooza, kwenye shimo la mboji, chini ya matandazo ya migomba, ndani ya viriba na vyungu vya maua, na popote penye kivuli, unyevu na udongo usioshindiliwa. Mwili mdogo hivyo hukauka upesi, na ndiyo sababu kiangazi huzama chini zaidi au hujikusanya pale unapomwagilia kila jioni. Mvua kubwa ikijaza mashimo yake maji, hupanda juu. Hapo ndipo anapokutwa kibarazani asubuhi, au bafuni baada ya kupita kwenye bomba la maji machafu. Hakuja kukutafuta, amefukuzwa na maji.

Lakini si kila nyoka kipofu wa kwetu ni mgeni, na hapa ndipo ninapoomba msomaji anisikilize zaidi. Afrika Mashariki ina wa kwake. Yupo Afrotyphlops mucruso wa maeneo ya miombo na savana, mnene, anayeweza kupita nusu mita, ambaye wakulima humfukua wakilima baada ya mvua za kwanza. Yupo Letheobia pallida, aliyeelezwa kisayansi mwaka 1868 kutoka Zanzibar, mwenye rangi ya waridi iliyofifia kama kiumbe ambaye hajawahi kuonja jua. Milima ya Uluguru ina Letheobia uluguruensis, aliyepewa jina mwaka 1928. Milima ya Udzungwa ina Afrotyphlops nigrocandidus, mweusi juu na mweupe chini, aliyeelezwa mwaka 2000 tu. Nyoka anaishi kwenye mlima tunaoutazama kila siku tukipita barabara kuu, na sayansi imempa jina juzi.

Hawa wa milimani hawana bahati ya yule wa chungu cha maua. Wanategemea dume na jike kukutana. Wanategemea udongo wa msitu wenyewe, ule mweusi unaofunikwa na majani yanayooza, wenye ubaridi na unyevu mwaka mzima. Miti ikikatwa, jua linafika chini, udongo unakauka kwa wiki chache. Ndege ataruka kwenda mlima mwingine. Nyoka wa urefu wa kalamu atakwenda wapi?

Katika kazi yangu nimeona udongo ukienda pande mbili, na zote zinanitia wasiwasi. Kwanza, watu wa vitalu huupenda udongo wa msitu. Ni mwepesi, una rutuba, miche huota vizuri. Hivyo gunia baada ya gunia hukwanguliwa chini ya miti na kushushwa mjini, pamoja na mayai, mabuu, nyungunyungu na nyoka ambao makazi yao ni tabaka lile la juu tu. Pili, miche ya mjini hupelekwa kupandwa kwenye mashamba yaliyopakana na msitu, na kila kiriba ni donge la udongo wa kigeni. Nyoka kipofu wa Asia ndiye mfano unaoonekana kwa macho, na mpaka sasa yeye hupenda zaidi bustani na viunga kuliko msitu mzima. Lakini kama kiumbe wa sentimita 13 anapita bila kuonekana, kisichoonekana kabisa kinapita kirahisi zaidi. Mnyauko wa migomba wa aina ya TR4, unaosababishwa na kuvu wanaokaa udongoni, uliripotiwa kaskazini mwa Msumbiji mwaka 2013. Kuvu wa namna hiyo husafiri kwenye tope la buti, kwenye jembe na kwenye machipukizi ya migomba. Udongo una wakazi wengi, na ukiuhamisha umewahamisha wote.

Kabla hujamshika

Nimesema hana sumu, nami nasimamia hapo. Lakini yupo mwingine wa chini ya udongo, mweusi na mwembamba, ambaye watu humchanganya naye: nyoka wa kundi la Atractaspis. Huyo ana sumu, na meno yake marefu hutokeza ubavuni mwa mdomo hata akiwa ameufumba. Ndiyo maana hata mtaalamu haruhusiwi kumshika nyuma ya kichwa kama anavyoshikwa nyoka mwingine. Anajigeuza kidogo tu na jino limeshaingia kidoleni. Vidole vilivyoumwa huvimba, huuma sana, na nyama inaweza kuoza. Naye hutoka usiku baada ya mvua, na watoto wake ni wadogo.

Ukitaka kutofautisha, tazama bila kugusa. Wa Atractaspis ana magamba mapana tumboni, kichwa chake akitishwa hukiinamisha kuelekea ardhini huku shingo ikiwa imepinda kama upinde, na akikua hufika nusu mita na zaidi. Kama huna uhakika, na wengi hamtakuwa na uhakika saa tatu usiku kwa mwanga wa tochi ya simu, basi kila nyoka mdogo mweusi mchukulie kuwa ni huyo. Fagio na kizoleo vinatosha. Msukume taratibu, mpeleke kwenye udongo mbali na mlango, mwache. Watoto wafundishwe kuita mtu mzima, wasifundishwe kupiga. Mtu akiumwa na nyoka yeyote, asichanjwe, asifungwe kamba kwa kukazwa, asinyonywe jeraha. Avuliwe pete, atulizwe, akimbizwe hospitali.

Na tafadhali, msimwage mafuta ya taa wala dawa ya wadudu kwenye vyungu kwa ajili ya nyoka kipofu. Mtaua mmea, nyungunyungu na udongo wenyewe, na nyoka atakuwa ameshahamia chungu cha pili.

Mzee alisikiliza yote hayo akiwa ameketi sasa, chupa iko magotini. Nilidhani atauliza kuhusu sumu. Akauliza kuhusu mteja.

"Ule mwembe aliotokea huyu," akasema, "unakwenda Muheza. Miche 40. Shamba la yule bwana limepakana na msitu, ukivuka kijito umeingia chini ya miti."

Nilikaa kimya, maana miche 40 ni fedha ya mwezi, na si mimi wa kumwambia mzee wa umri wake asiuze. Alifikiri kidogo, akakuna kidevu.

"Sitampelekea viriba. Nitamwambia apande kokwa kwake, kwenye udongo wake. Miche ikishika unene wa penseli, nitakata vikonyo kwenye miti yangu, nifunge kwenye kitambaa chenye maji, nipande daladala, nikambebeshee hukohuko, nivipandikize kwenye miche yake. Embe atapata lilelile. Udongo utabaki hapa."

Tukatoka nje kwenye bustani ndogo ya ofisi. Mzee mwenyewe ndiye aliyeinamisha chupa chini ya mchungwa, pale penye majani makavu. Nyoka alipapasa kwa ulimi mara mbili tatu, akapata ufa, akaingiza kichwa. Mwili ukafuata polepole kama uzi unaovutwa kwenye tundu la sindano. Kilichobaki juu mwisho kilikuwa ile ncha yenye mwiba, ikakita, ikasukuma, ikapotea.